Jembe la Mwalimu Apolo

Msafiri aondokaye Kasese kwenda Bwera huwa na Ruwenzori mkononi mwake wa kuume tangu mwanzo wa safari hata mwisho wake. Huuacha nyuma mji uliokua pamoja na reli iliyofika hapo mwaka 1956 kuja kuchukua shaba ya Kilembe. Huvuka ikweta karibu na Kikorongo, ambako njia ya Bwera huachana na ile ya Katunguru. Kisha hushika magharibi, nyika ya hifadhi ya wanyama ikiwa kushoto kwake, na vilima vya Wakonzo, vilivyolimwa kahawa, migomba, mihogo na maharagwe hata penye mteremko ambao mgeni hadhani kwamba mtu aweza kusimama sembuse kulima, vikizidi kumsogelea upande wa pili, mpaka afike Bwera yenyewe na soko la Mpondwe, ambako Mto Lhubiriha umekuwa mpaka wa Uganda na Kongo, na ambako Kiswahili, ambacho wakubwa wa Buganda ya zamani hawakukipenda, husemwa bila haya kwa kuwa muuzaji na mnunuzi hawana budi kuelewana.

Katika vilima hivyo aghalabu kanisa na shule husimama katika uwanja mmoja, wala jambo hilo halikutukia kwa bahati nasibu. Kwa muda mrefu aliyefundisha watoto kusoma na aliyeongoza sala ya Jumapili alikuwa mtu yule yule mmoja, naye hakuwa Mzungu. Wamisionari wa Kizungu walikuwa wachache, na wengi wao walikaa karibu na makao makuu ya watawala, huko Mengo na Kabarole. Vijiji vya mbali waliachiwa walimu wa Kiafrika, watoto wa wakulima waliofundishwa kwa muda mfupi, wakapewa kitabu na baraka, wakatumwa mahali ambapo hawakuwa na baba, mjomba wala shamba. Askofu Alfred Tucker, aliyeliongoza Kanisa la Anglikana katika Uganda tangu mwaka 1890, alishika shuruti kwamba kanisa la wenyeji litunzwe kwa mali ya wenyeji wenyewe. Shuruti njema kwa hakika, ila maana yake kwa mwalimu aliyetumwa mahali pasipo bado Mkristo hata mmoja ni kwamba chakula chake kilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakumwita.

Yapasa niseme neno juu ya madhehebu, maana msomaji wa Bukoba au wa Moshi aweza kuuliza mbona Walutheri hawatajwi. Mstari uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 ndio uliogawa makanisa kama ulivyogawa nchi. Ng'ambo ya kusini Wahaya wa kwanza walioshika dini ya Kiprotestanti walisoma Maandiko ya Kiganda yaliyotoka kaskazini, kisha mwaka 1910 wakaja wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, na huko ndiko lilikokulia kanisa la Kilutheri lililomtoa Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925, akawa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977, mkutano ulipofanywa Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Upande wa Ruwenzori Mprotestanti alikuwa Mwanglikana. Lakini uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, haukuuliza cheti cha madhehebu. Uliwashika Waanglikana wa Uganda na Walutheri wa Bukoba kwa mkono mmoja, na Kibira mwenyewe alikuwa mtu wa uamsho huo. Mwalimu mcha Mungu, mwana wa mkulima, mwenye kitabu kwapani, alikuwa wa aina moja pande zote mbili za Kagera, na atakayejua habari za mmoja hatakuwa mgeni katika habari za mwenzake.

Aliye mashuhuri kupita wote katika nchi ya mlimani ni Apolo Kivebulaya. Alizaliwa katika Singo, magharibi ya Buganda, yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Alikulia katika maisha ya shamba, na wanaomtaja kama mtakatifu wa kuchongwa katika mti husahau kwamba ujana wake haukuwa wa kitakatifu: alivuta bangi, alishika silaha katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda baada ya kifo cha Kabaka Mutesa, na kwa muda alikuwa upande wa Waislamu kabla ya kugeukia mafundisho aliyokuwa ameyasikia kwa mmisionari Alexander Mackay. Alibatizwa mwaka 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Jina la Kivebulaya alilipata kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi kutoka Ulaya alilopenda kulivaa juu ya kanzu yake nyeupe, na nadhani wale waliompa jina hilo walikuwa na kicheko ndani yake.

Nchi aliyopelekwa ilikuwa na kelele zake. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alipita na askari wake, akajenga ngome Katwe, kusini ya Ruwenzori, ili ailinde chumvi ya ziwa lile, mali iliyokuwa ikigombewa na wafalme tangu zamani. Akamrudisha Kasagama katika kiti cha Toro. Mlimani Wakonzo walisikia tu kwamba sasa yuko Mukama, yaani mfalme, wa Toro ambaye nyuma yake wamesimama Wazungu wenye bunduki. Mwaka 1896 Askofu Tucker alifika Toro na kumbatiza Kasagama kwa jina la Daudi. Tangu hapo kwa watu wengi kusoma, kubatizwa na kuwa karibu na enzi vilikuwa kitu kimoja, na pengine hiyo ndiyo sababu wengi walisoma upesi na wengine wakakataa kusoma kabisa.

Mwaka ule ule likatokea jambo lililomtofautisha Apolo na walimu wenzake. Ng'ambo ya bonde la Semliki, juu ya ukingo unaotazamana na ncha ya kaskazini ya mlima, iko nchi ya Mboga, ambayo mtawala wake, Tabaro, alikuwa ameomba walimu. Walimu wawili wa Kiganda walikwenda, lakini haikuchukua muda wakarudi, kwa kuwa hawakupewa chakula wala hawakuwa tayari kujilimia. Nisiwalaumu kupita kiasi. Mganda wa wakati ule aliyepata elimu alijiona mtu wa baraza, na kushika jembe mbele ya watu ambao umekuja kuwafundisha kulionekana kuwa ni kujivunjia heshima; isitoshe, katika nchi hizi kulima chakula ni kazi ambayo kwa desturi huachiwa mikono ya wanawake. Apolo akajitolea kwenda badala yao, na kabla ya kuupanda mlima akajipatia jembe.

Waandishi wengi hulitaja jembe hilo kwa sentensi moja, kisha wakaharakia miujiza. Mimi naona kwamba humo ndimo ulimo ufunguo wa maisha yake yote. Mwalimu alishwaye na mtawala hana budi kuupima ulimi wake kila jioni kabla ya chakula. Akikemea ulevi wa barazani, au wingi wa wake, au uganga, kesho yake ndizi hazitaletwa. Mwalimu ajilishaye ana neno lake mwenyewe. Tabaro alilifahamu hilo mapema kuliko Wazungu wote. Alipoona kwamba mafundisho ya Apolo yanawagusa watu wake na kuzipinga desturi zilizomtukuza, alijaribu njia iliyowashinda walimu wa kwanza, akakataza watu wasimpe chakula. Na njia hiyo iliposhindwa, akageukia nguvu. Apolo alipigwa, nyumba yake ya sala ikachomwa moto, na wanafunzi wake wakatishwa.

Kisha likatokea tukio la mkuki. Mwanamke wa jamaa ya mtawala aliuangukia mkuki uliokuwa umefichika majanini akafa, na Apolo akashtakiwa kwa mauaji. Akapelekwa kifungoni ng'ambo ya mlima, hata ngome ya Toro, mahali ambapo sasa ni mji wa Fort Portal. Humo kifungoni, kwa maneno yake mwenyewe, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia asiogope kwa kuwa yu pamoja naye. Msomaji ayapokee maono hayo kwa kadiri ya imani yake. Lililo dhahiri kwa kila mtu ni kwamba Apolo, ambaye akiisha kufunguliwa angaliweza kukaa Kabarole kwa heshima na usalama, alirudi Mboga kwa yule yule aliyemfanya afungwe, na kwamba baada ya muda Tabaro alibatizwa, akaitwa Paulo.

Tangu hapo maisha yake yalikuwa marefu, na yenye kurudia-rudia kama yalivyo maisha ya mwalimu na mkulima popote. Akapewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Akafanya kazi miaka kadhaa katika Toro, akapanda na kushuka njia za mlimani kwa miguu, akajenga makanisa ya miti na udongo ambayo mvua iliyaangusha, naye akayajenga tena. Hakuoa: mchumba wake alikufa, naye akaazimu kukaa peke yake, jambo ambalo kwa Mganda wa zama zile lilikuwa gumu kueleweka kuliko maono ya gerezani, kwa sababu mtu asiye na mke wala mtoto hakuhesabiwa kuwa amekamilika. Walakini nyumba yake haikuwa tupu. Ilijaa watoto wa watu na wageni waliokula kutoka katika shamba lake. Aliandika kumbukumbu za siku zake kwa mkono wake, na kwa ajili ya desturi hiyo twajua mambo ambayo laiti walimu wengine wangaliandika tungalijua pia juu ya mamia ya wenzake waliosahauliwa.

Mwaka 1910 serikali za Ulaya zilikata mpaka mpya, na Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Kanisa la Mboga likawa kisiwa: Waanglikana wanaoshika kitabu cha sala cha Kiingereza kilichofasiriwa, wakitawaliwa na Wabelgiji ambao serikali yao iliwapendelea Wakatoliki, na wakimtegemea askofu aliye katika nchi nyingine. Mpaka huo huo, kusini zaidi, ndio uliowakata Wakonzo wa Bwera na ndugu zao Wanande wa upande wa Beni na Butembo, watu wa lugha moja na nasaba moja, hata shemeji akawa mgeni wa nchi nyingine bila kuhama nyumbani kwake. Apolo hakuuthamini mpaka kama walivyouthamini maofisa. Alirejea Mboga akiwa mtu wa miaka hamsini na zaidi, na kuanzia mwaka 1921 akaingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau, akiwafundisha kwa lugha yao. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Namirembe. Cheo hicho kilimpa haki ya kukaa kitini katika kanisa kuu la Uganda, naye hakukitumia sana kiti hicho.

Mwaka 1933 madaktari wa Mengo waliona kwamba moyo wake umechoka. Akaomba arudishwe Mboga. Akafa huko tarehe 30 Mei mwaka huo, naye alikuwa ameacha wasia kwamba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu na wa kazi ambayo haijaisha, kinyume cha desturi ya kwao ambayo ingalimlaza kichwa kikielekea Buganda. Mwaka 1972 Mboga ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana nchini mwake, na jamii ya Waanglikana wa Kongo, ambao leo wana jimbo lao wenyewe, huhesabu mwanzo wao tangu mwalimu huyo.

Kiingereza kilimpokea kwa furaha. Kasisi A. B. Lloyd, aliyemfahamu, aliandika vitabu juu yake, na baada yake wengine wakaandika. Nimesoma baadhi ya maandishi hayo na yananitia shaka kidogo, si kwa kuwa yasema uongo, bali kwa kuwa yampenda Apolo kwa unyenyekevu wake kuliko ujasiri wake. Mwafrika mpole huwafurahisha wafadhili. Lakini mtu aliyekataa kutegemea chakula cha mtawala, akakataa desturi ya kwao juu ya ndoa, na akakataa hata desturi ya kwao juu ya kulazwa kaburini, hakuwa mpole kwa namna hiyo.

Turudi Bwera. Huko kitabu kilipanda vilima kwa njia iliyokuwa na kasoro moja kubwa: kilikuja pamoja na utawala wa Toro. Wakonzo walitakiwa walipe kodi kwa maofisa wa Mukama, wahukumiwe kwa Kitoro, na watoto wao wafundishwe kwa Kitoro, lugha ambayo si yao na ambayo Watoro waliitumia kuwadharau watu wa milimani. Uasi uliozuka baada ya Vita Kuu ya Kwanza uliongozwa na Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya. Walikamatwa, na mwaka 1921 wakanyongwa Kagando, si mbali na Bwera. Mwaka huo huo Apolo alikuwa akiingia msituni upande wa pili wa mlima. Sidhani kwamba habari hizo mbili zilikutana katika kitabu chochote cha misheni, nami naziweka pamoja hapa kwa makusudi, kwa kuwa watoto waliozaliwa Bwera baada ya Kagando walifundishwa kusoma na kanisa lile lile, na walimjua Yesu na Nyamutswa kwa pamoja, mmoja kwa kitabu na mwingine kwa masimulizi ya wazee jikoni.

Mmoja wa walimu waliotoka katika kizazi hicho alikuwa Isaya Mukirania, Mkonzo, mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1954 mwandishi wa Kiingereza aitwaye Tom Stacey alipokuja kuuzunguka mlima, Mukirania alifuatana naye kama mwenzi na mkalimani. Na katika miaka hiyo mwalimu huyo alianzisha chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Wakonzo, akiwakusanya watu wakumbuke nasaba, mila na majina ya mahali. Jina la chama lilikuwa la kitaalamu tu. Lakini watu wakiisha kuandika habari zao wenyewe huanza kuuliza kwa nini wanatawaliwa na wengine.

Mwaka 1962, Uganda ikijitayarisha kwa uhuru, Mukirania na wajumbe wenzake wa Wakonzo na wa jirani zao Waamba walidai katika baraza la Toro, Rukurato, kwamba katiba ya Toro iwataje wao pia kuwa wenyeji wa nchi. Walipokataliwa walitoka barazani. Wakashtakiwa, Mukirania akapanda mlima asirudi, na tarehe 30 Juni ikatangazwa enzi ya Rwenzururu, miezi mitatu na siku kadha kabla ya bendera ya Uganda kupandishwa. Milton Obote alimwita Stacey aje kupatanisha mwaka 1963, hakufaulu. Mwalimu akawa mfalme, Omusinga Kibanzanga wa Kwanza, na serikali yake ilikuwa serikali ya mwalimu kwelikweli: daftari za kodi, kumbukumbu za vikao, barua zilizopigwa chapa kwa mashine za kuandikia zilizobebwa mgongoni hadi katika baridi ya juu, maombi kwa Umoja wa Mataifa, na shule. Askari wa Kampala walichoma vijiji; karani wa mlimani alihesabu nyumba zilizochomwa akaandika barua.

Hapa ndipo ninapoliona tena jembe. Mukirania angaliajiriwa maisha yake yote, angaliweza kunyamazishwa kwa barua moja ya kumwondoa kazini. Alipokuwa mlimani hakuwa na mshahara wa mtu. Aliishi kwa mihogo, viazi na maharagwe ya wakulima waliomkubali, na kwa muda wa miaka ishirini serikali zilizofuatana za Uganda hazikuweza kuufunga mlima huo kwa njaa, kwa kuwa mlima ulijilimia. Sisemi kwamba mambo yote yaliyofanywa kule juu yalikuwa mema. Watoro wa kawaida, wakulima nao, walifukuzwa katika nyumba zao na wengine wakauawa, na hesabu hiyo haikuandikwa na karani yeyote. Wala sisemi kwamba Apolo angalimsifu Mukirania, kwa maana yeye aliwafundisha watu kuombea watawala. Lakini wote wawili walifahamu jambo ambalo maaskofu na maofisa walichelewa kulifahamu, kwamba mwalimu ambaye chakula chake hakitoki mkononi mwa mkubwa hawezi kuamrishwa kwa urahisi.

Mukirania alikufa tarehe 2 Septemba 1966. Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, aliyepewa jina la mtunga tenzi za Kikristo, alivikwa taji tarehe 19 Oktoba mwaka huo angali mtoto. Mwaka 1974 Idi Amin aliugawa utawala wa Toro, na nchi ya Kasese na Bwera ikapata wilaya yake. Mwaka 1982 Mumbere alishuka mlimani na watu wake kwa mapatano. Na mwaka 2009 serikali ikaitambua enzi ya Rwenzururu. Yaliyofuata, hata umwagaji damu wa Novemba 2016 katika jumba la enzi mjini Kasese, yahitaji makala yake peke yake na mwandishi mwenye moyo mgumu kuliko wangu.

Kanisa lilichelewa kidogo kuliko Amin. Mwaka 1984 liliitenga nchi ya kusini ya mlima na ile ya Toro, likaifanya Dayosisi ya South Rwenzori, yenye makao yake Kasese, na askofu wake wa kwanza, Zebedee Masereka, alikuwa Mkonzo.